Je, 536,870,911 ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, Wete. Tuisheni tumeambiwa kwamba ukiipa 2 kipeo ambacho ni namba tasa, kisha ukatoa 1, jibu ni namba tasa daima. Kwa kipeo 29 nimepata 536,870,911. Nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 97 na kila mara kuna baki. Niishie hapo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiishie hapo. Namba yako si tasa: ni 233 × 1,103 × 2,089. Kipeuo chake cha pili ni kama 23,170, na ungeweza kuhitaji kwenda hadi huko. Kugawa umegawa vizuri. Kosa ni la aliyekupa kanuni.

Kanuni hiyo naletewa kila muhula, na inaniudhi kwa sababu imepinduliwa. Kilichothibitishwa ni kwamba 2ⁿ − 1 ikiwa tasa, basi n nayo ni tasa. Kinyume chake hakishiki. Kila jahazi lina tanga, lakini hata ngalawa ina tanga. Vipeo 2, 3, 5 na 7 vinatoa 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Mtu akiona nne zimekubali, anatangaza kanuni. Angesogea hadi 11 tu angepata 2,047, yaani 23 × 89.

Njia fupi ya halali ipo. Kila kigawo tasa cha 2²⁹ − 1, ukikigawa kwa 58 (mara mbili ya 29), lazima kibakishe 1. Basi ni 59, 117, 175, 233 na kuendelea. Ya 59 ulishaijaribu, 117 na 175 si tasa, iliyofuata ni 233. Ulibakisha hatua moja!

Nyinyi wengine mnaonunua karatasi za "fomula ya uhakika" karibu na mitihani, nazo ni hizohizo. Ile ya "kizidishe cha 6, ongeza au toa 1" inakupa 25 na 35. Hata Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye namba za 2ⁿ − 1 zimepewa jina lake, mwaka 1644 aliingiza kipeo 67 katika orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Mwanahisabati Lucas alionyesha mwaka 1876 kuwa 2⁶⁷ − 1 si tasa, na mwaka 1903 mwanahisabati mwingine, Cole, akatoa vigawo vyake: 193,707,721 × 761,838,257,287. Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kufikia Oktoba 2024 ina kipeo 136,279,841 na tarakimu 41,024,320. Haikukubaliwa kwa sababu kipeo chake ni tasa. Ilipimwa kwa kompyuta mpaka ikathibitika. Chini ya kipeo hicho kuna vipeo tasa zaidi ya milioni 7. Vilivyojulikana wakati huo kutoa namba tasa, pamoja na hicho, ni 52.

Sasa chukua kipeo 37: jibu lake ni 137,438,953,471. Namba yako ya kugawia safari hii ni 74, na hutafika mbali kabla ya kukipata kigawo.