Re: Kiti cha ngozi kimebonyea, nikaze nati au basi?

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umesema kiti chako cha baiskeli, kile cha ngozi cha Brooks cha zamani, kimebonyea mpaka unakalia chuma, na fundi hapo Chake Chake amekwambia ukaze tu nati ya kuivuta ngozi. Usikaze bado. Kipindue kwanza, utazame ngozi kwenye ribiti, zile pini zinazoishika ngozi kwenye chuma, hasa za puani, yaani ncha ya mbele ya kiti. Matundu yakiwa yamerefuka, au pana ufa unaotoka ribiti moja kwenda nyengine, kukaza kutamalizia kuichana.

Ngozi ikiwa nzima, iache ikauke kabisa kivulini. Ikikazwa mbichi huvutika zaidi. Kisha zungusha nati iliyo chini ya pua robo mzunguko tu, uendeshe siku kadhaa ndipo uongeze. Ikiwa imeshika kutu, itie mafuta ilale nayo, kwani bolti ikilazimishwa hukatika. Mbavu, yaani ngozi ya pembeni inayoning'inia, zikitanuka, toboa matundu machache chini kila upande, uzivute pamoja kwa kamba.

Mafuta ya nazi tafadhali acha, yanalegeza ngozi. Nta ya nyuki kidogo juu inatosha. Na tia madigadi ya nyuma kabla ya masika: maji ya gurudumu huila ngozi kwa chini, usikokuona.

Zikikatika ribiti tu, ngozi ikiwa nzima, hupigwa mpya za shaba.