Mimi husafiri hivi

Dada, umeuliza kama sisi washauri wa safari husafiri wenyewe au tunauza picha tu. Mimi husafiri, tena sana. Nimelelewa Pumwani na bibi mzaliwa wa Lamu, kwa hiyo likizo ikifika ni pwani kwanza. Napanda treni ya asubuhi ya Nairobi kwenda Mombasa pale Syokimau, kiti cha dirishani upande wa kulia: anga ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana, na Tsavo kuna ndovu wamejipaka udongo mwekundu hadi masikioni. Hoteli kubwa sizipendi hata kidogo. Lamu nalala nyumba ya wenyeji, mitaa ya ndani ambako punda ndiye gari, na jioni nala samaki wa kupaka. Mzigo ni begi moja na leso mbili, ambazo ni shuka, taulo na pazia.