Mwaka wa Kwanza Mtwara: Nguo Zisizokula Asubuhi Yako

Mdogo wetu unayekuja kuripoti chuo Mtwara ukitokea Njombe au Mbeya, sweta moja linatosha, na hilo nalo ni la safari. Huku ni joto na unyevu wa bahari karibu mwaka mzima, afadhali kidogo Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapovuma. Jambo la kuelewa mapema ni kwamba muda wa mwanafunzi hauishii kwenye kioo. Unaishia kwenye beseni, kwenye kamba na kwenye pasi. Ukishika nguo sokoni, usiangalie tu kama imekupendeza. Jiulize itakauka lini na itadai pasi kiasi gani.

Kipimo chake ni ngumi yako. Finya pindo la nguo, hesabu hadi kumi, achia. Likibaki limekunjamana kama karatasi iliyotupwa, mara nyingi hiyo ni pamba tupu au kitani, na itataka pasi kila ikifuliwa. Likirudi kama halijaguswa, inaelekea ni poliesta tupu: pasi haihitaji, ila kwa joto la hapa itakufukiza, na harufu ya kwapa huing'ang'ania hata baada ya sabuni. Unayoitafuta ni ya katikati, pamba iliyochanganywa na poliesta. Kwenye mitumba lebo mara nyingi bado iko ndani, kwenye mshono wa ubavuni. Ikiandikwa pamba 60 kwa poliesta 40, chukua.

Kwa masomo ya siku tano, nguo tano za juu na tatu za chini zinakutosha, ili mradi kila ya juu ikubaliane na kila ya chini. Hapo una mavazi 15. Siri iko chini: nyeusi, bluu iliyokolea na kaki, zote bila maua. Juu weka mashati au blauzi tatu na fomu siksi mbili, zile fulana zenye kola. Rangi ni hiari yako, jeupe lisizidi moja. Dada anayependa gauni ana nafuu zaidi, kwa sababu gauni halina cha kulinganishwa nacho. Dera liache hosteli. Kwa wanaojifunika, hijabu ya kitambaa cha jezi hukaa bila pini nyingi na haitaki pasi. Ya shifoni huteleza, na utaishika kichwa kipindi kizima. Kabla ya kununua chochote soma kanuni za mavazi za chuo chako, maana jinzi iliyochanika au kandambili zinaweza kukurudisha getini.

Nguo ya mtumba ikague kwenye jua, si ndani ya kibanda. Geuza ndani nje utazame kwapa, kola na msamba. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia, kwa sababu bega ndilo fundi cherehani anahangaika nalo na gharama inapanda. Kiuno anapunguza vizuri hadi inchi mbili. Akizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana kama macho ya samaki. Vipimo vyako vya kiuno, nyonga na urefu viandike kwenye simu kwa inchi, utembee na futi ya fundi. Habari ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni ili kujua kama kitakutosha ni ya kubahatisha. Kitenge kipya kifue kabla ya kukipeleka kwa fundi, kwa kuwa pamba husinyaa, na gauni lililokaa sawasawa siku ya kulichukua litabana baada ya beseni la kwanza. Chumvi mnayoambiwa mtie ili rangi ishike haisaidii. Kifue peke yake mara mbili za mwanzo, basi.

Kufua ndiko wengi wanakoharibu. Kola na kwapa zipake sabuni ya mche, ziache dakika 30, kisha ndipo usugue. Doa likiwa bado lipo usipige pasi, joto linalizamisha. Jiki kwenye kwapa la shati jeupe huongeza umanjano badala ya kuuondoa, kwa kuwa haipatani na jasho. Kama maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu na hubaki kwenye kitambaa. Ndiyo maana nguo hukauka ngumu. Suuza mara tatu.

Sasa kuanika, ambako nusu ya kazi ya pasi hufanyika bila pasi. Shika shati mabegani, likung'ute kwa nguvu mara nne au tano hadi lilie, litie kwenye henga ya plastiki, funga kifungo cha juu, nyoosha kola na ukanda wa vifungo kwa vidole. Henga ya waya iache, hewa ya bahari huiotesha kutu na kutu haitoki begani. Nguo nyeusi igeuze ndani nje, jua lisiipaushe. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ikishika, fua asubuhi na kidogo kidogo. Nguo iliyolala mbichi huanza kunuka, na ikikunjwa hivyo huota kawa, vile vidoa vyeusi ambavyo havitoki.

Piga pasi Jumapili nguo zote tano za juu kwa mkupuo, zikiwa na unyevu kidogo: kola, mikono, mbele, mwisho mgongo. Umeme haujui kwamba una kipindi saa moja asubuhi. Pasi ya mkaa ingoje ishike vizuri, uifute chini kwa kitambaa, ujaribu kwanza kwenye nguo kuukuu. Suruali ya kitambaa ipigwe ndani nje, la sivyo itang'aa magotini. Suruali iliyokauka, ikikunjwa kwa mistari yake na kulazwa chini ya godoro usiku kucha, inaweza isidai pasi kabisa.

Viatu jozi mbili, uvae kwa zamu ili jasho likauke. Vikilowa, jaza magazeti, weka kivulini. Juani gundi huachia na soli hubanduka.

Mwisho ni mabibo, yale matunda ya mkorosho. Msimu wa korosho ukiingia, kuanzia Oktoba hivi, utaalikwa shambani au utaletewa ndoo nzima. Maji ya bibo hayaonekani yakidondoka. Kesho yake doa linakuwa la kahawia, na halitoki kwa sabuni wala jiki. Likidondoka, suuza papo hapo kwa maji baridi kabla halijakauka. Afadhali zaidi, vaa fulana kuukuu, inama mbele, ndipo ulile.