Elimu peke yake? Hapana, kaka
Kaka unayesema dereva akielimishwa ataacha mwenyewe kutumia simu akiendesha, hapo sikuungi mkono. Nani asiyejua ni hatari? Ukiwa spidi 80, ukitupia jicho ujumbe kwa sekunde 4 umeshakata karibu mita 90 bila kuona barabara. Dereva wa daladala analijua hilo, na simu bado iko sikioni. Uingereza walikataza kushika simu tangu 2003, watu wakaendelea. Mwaka 2017 faini ikapanda hadi pauni 200 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2, leseni inafutwa. Hapo ndipo panapouma. Elimu naikubali kwa jambo moja: kumzoesha mwanafunzi kuzima sauti ya simu kabla hajawasha gari. Mke akipiga, atasubiri.