Swali la lugha: Si kila kilichowekwa kimehifadhiwa

Msomaji mmoja anayetafsiri mwongozo wa waandishi wa programu ameniletea kichwa cha sura kinachomsumbua: "Jinsi ya kufanya kazi kwa usalama na data ya kichanganuzi iliyohifadhiwa". Kichanganuzi ni sehemu ya programu inayosoma msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, na kuutambua muundo wake. Sura yenyewe, anaeleza, inahusu vihariri matini, zile programu za kuandikia msimbo, na namna zinavyoweka kando matokeo ya uchanganuzi (Waingereza husema cache) ili zisilazimike kuchanganua faili zima upya kila mara mtu anapobonyeza kitufe. Anachouliza ni kama msomaji hatadhani kwamba kilichohifadhiwa ni kichanganuzi, wala si data.

Hatadhani. Kingekuwa kichanganuzi, tungesema "kilichohifadhiwa". Kiambishi "i" cha "iliyohifadhiwa" kinarudi kwenye data moja kwa moja, na hiyo ndiyo faida ya ngeli, ambazo wanafunzi huzilalamikia mpaka siku wanapozihitaji. Swali limejibiwa. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo ambalo msomaji hakuliuliza, nalo ni kitenzi "hifadhi", ambacho watafsiri wa mambo ya kompyuta wamekitwisha kila mzigo uliokosa mwenyewe.

Kitenzi hicho tulikipata kutoka Kiarabu, kikiwa na maana ya kulinda na ya kuweka moyoni, na kimeishi kwetu kwa heshima: mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, Serengeti ni hifadhi ya taifa, na mfanyakazi huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Katika yote hayo mna ahadi moja, kwamba kitu kimewekwa chini ya ulinzi ili kisipotee wala kisiharibike. Ilipokuja kompyuta, kuliandika faili kwenye diski nako kukaitwa kuhifadhi, na hilo nalikubali bila kinyongo, kwa kuwa ahadi ni ileile. Lakini hatukutosheka. Nafasi ya diski ikawa hifadhi, nakala ya dharura ikawa hifadhi, kanzidata ikabatizwa hifadhidata, na sasa hata matokeo ya kupita, yaliyowekwa kwa ajili ya dakika mbili zijazo tu, nayo tunaambiwa "yamehifadhiwa".

Hayakuhifadhiwa hata kidogo, na anayetaka ushahidi na atazame kihariri cha Emacs kinavyofanya. Humo mna amri iitwayo syntax-ppss, ambayo kazi yake ni kueleza mahali fulani katika matini ni mahali pa namna gani: pamo ndani ya mabano mangapi, pamo ndani ya maneno yaliyofungwa kwa alama za kunukuu, au pamo ndani ya maelezo ya mwandishi ambayo mashine huyaruka. Ili ijibu kwa uhakika, inapaswa kusoma tangu herufi ya kwanza, na katika faili la mistari 20,000 kusoma huko kungemchosha hata mwenye subira. Kwa hiyo njiani huweka majibu ya hapa na pale, na ikiulizwa tena huanzia kwenye jibu lililo karibu.

Sasa chukua faili la Lisp, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, lenye ukubwa huo, nenda mstari wa 10, andika alama moja ya kunukuu, na usiifunge. Tangu hapo kila alama ya kunukuu iliyokuwa ikifungua inafunga, na iliyokuwa ikifunga inafungua. Msimbo umegeuka maneno matupu, na yaliyokuwa maneno matupu yamegeuka msimbo, mpaka mwisho wa faili. Katika mstari wa 15,000 haijaguswa hata nukta, lakini jibu lililowekwa kuuhusu mstari huo limekuwa uongo. Waundaji wa Emacs wanalijua hilo, na ndiyo maana syntax-ppss hujiandikisha katika orodha ya kazi zinazoitwa kabla ya kila badiliko, ili majibu yote ya kuanzia mahali palipoguswa yatupwe. Mwongozo wao unaonya kwamba anayebadilisha matini huku amezinyamazisha kazi hizo, kama wanavyofanya wengi kwa kutafuta kasi, lazima aite mwenyewe syntax-ppss-flush-cache na kuitajia mahali pa kuanzia kutupa. Akisahau, rangi za msimbo huenda zikavurugika na mistari ikajongezwa ndani bila mpango, wala hakuna tangazo la kosa litakalomwambia kwamba kihariri kinasoma majibu ya jana.

Mtafsiri wetu ataiitaje amri hiyo? Kwa mwendo aliouanza ataiita "Futa hifadhi". Naomba afikirie mtu aliyefundishwa, katika programu hiyohiyo na pengine katika menyu hiyohiyo, kwamba kitufe cha "Hifadhi" ndicho kinachookoa kazi yake ya usiku kucha, kisha anaambiwa kwamba ili mambo yaende sawa afute hifadhi. Mwenye akili timamu hatabonyeza. Na mwanaprogramu aliyeamini kwamba data yake "imehifadhiwa" hatakuwa na sababu ya kuishuku, ilhali sura nzima imeandikwa kumfundisha kuishuku.

"Akiba" ni afadhali, na tayari watu wengi wanaitumia kwa maana hii. Kasoro yake ni methali: akiba haiozi, na hii huoza mara tu herufi inapoongezwa. Kwa haki neno lingekuwa "kiporo", kwa kuwa ni chakula kilichopikwa mapema ili asubuhi mtu asiwashe moto upya, kitamu kikiwahiwa na hatari kikichelewa, lakini sitarajii kuliona katika menyu ya programu yoyote, maana sisi ni watu wa kuona haya na maneno ya jikoni. Basi tuchukue angalau kitenzi chake. Emacs 29, iliyotolewa mwaka 2023, ilikuja na uwezo wa kutumia tree-sitter, maktaba ya programu (msimbo uliokwisha andikwa ili programu nyingine ziutumie), ambayo huuchanganua msimbo na kuujengea mti, kama kile kielelezo cha matawi ambacho watahiniwa wa Kenya huchorea sentensi. Ukishika nodi, yaani kifundo kimojawapo, ya mti huo, kisha matini ikabadilika na kuchanganuliwa upya, Emacs hukataa kukujibu chochote kuihusu nodi hiyo, na hutoa kosa la treesit-node-outdated. Mwongozo wa kawaida utaandika "nodi iliyopitwa na wakati". Mimi ningeandika "nodi iliyochacha", na hakuna ambaye angethubutu kuitumia.

Kuhusu "kwa usalama" nitasema machache: usalama una barabara zake na idara zake, na hapa hakuna mwizi wala ajali, ila jibu la zamani linalojifanya jipya. "Kufanya kazi na data" nako ni kuigeuza data kuwa mfanyakazi mwenzako. Sisi data huitumia. Kichwa cha sura kisomeke hivi: "Jinsi ya kutumia matokeo ya uchanganuzi yaliyo katika akiba bila kudanganywa nayo".

Na kama mchapishaji atasisitiza kuandika "kuakibisha", kitenzi ambacho kila nikikisoma nahisi kama nimekanyagwa kidole, mwache aandike. Kina ubaya wa sura tu. Hakimwahidi mtu ulinzi usiokuwapo.