Vitabu vyako vivuke salama hadi Wete

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Unguja sote wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza mambo mawili: vipi uvitoe vitabu Dar es Salaam mpaka duka lako la Wete, Pemba, visiharibike, na kama kweli watu wa Pemba watanunua vitabu visivyo vya skuli. Naanza na la kwanza, maana duka la vitabu la visiwani huweza kufa kwa unyevu kabla halijafa kwa kukosa wasomaji.

Vikague vitabu kule kule kwa mchapishaji, kabla hujalipa. Kurasa huchapwa kwa vitita, aghalabu vya kurasa 16 au 32, na kitita kimoja kikiruka au kikirudiwa, kitabu hakina thamani tena. Fungua kila nakala katikati na karibu na mwisho, fuata namba za kurasa. Ukiona maandishi yamefifia kama ya fotokopi na bei ni ya chini mno, hiyo ni nakala ya wizi. Iache hapo hapo.

Kufunga kunataka hesabu. Kitabu cha A5 chenye kurasa 200, karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ni robo kilo ya karatasi tupu. Pamoja na jalada kinafika kama gramu 270. Vitabu 40 ni kama kilo 11. Boksi moja liishie hapo, likizidi sana kilo 15. La kilo 30 hamali haliweki chini, hulibwaga, na pembe za vitabu ndizo zinazoumia. Vilaze vitabu, migongo ikipishana, na kila uwazi ujaze magazeti yaliyofinyangwa ili visicheze. Ndani ya boksi tandika nailoni nzito, ifunike mpaka juu. Lakini funga siku kavu: nailoni huzuia maji yasiingie, na unyevu uliofungiwa ndani nao hautoki. Risiti usizitie ndani ya boksi, zishike mkononi, bandarini utaulizwa.

Ukifika Malindi, bandari ya hapa Unguja, hakikisha mzigo wa kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, hauachwi uwanjani usiku kucha. Melini uwekwe juu ya mbao, ndani, mbali na mlango. Maji ya bahari ni mabaya kuliko ya mvua, kwa sababu chumvi hubaki kwenye karatasi na kuendelea kuvuta unyevu hata baada ya kitabu kukauka. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huuchafua mkondo wa Pemba. Mzigo mkubwa uvushe Januari na Februari, au Oktoba kabla vuli haijashika.

Maboksi yakifika usiyalaze hata usiku mmoja zaidi. Yafungue siku ile ile. Kilichorowa usikianike juani, gundi hukatika na kurasa hujikunja. Kisimamishe wazi kivulini penye upepo, tia karatasi inayonyonya maji kila baada ya kurasa 10 au 20, uibadilishe ikilowa. Una kama saa 48 kabla koga, yaani ukungu, halijaanza. Vya picha, vyenye karatasi ya kung'aa, vishughulikie mwanzo, kwani kurasa zake zikikauka zimegusana hazibanduki tena.

Sasa rafu. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta maji kutoka ardhini, kwa hiyo acha nafasi ya vidole vinne kati ya rafu na ukuta, na ubao wa chini uwe angalau sentimita 15 juu ya sakafu. Vitabu visibanane, kidole kiingie. Nunua kipimo cha unyevu kidogo, ukitundike katikati ya duka. Kikikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, koga liko njiani: washa feni, sogeza vitabu, futa majalada kwa kitambaa kikavu. Masika fanya hivyo kila wiki, Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Watakwambia utie karafuu ndani ya rafu. Zina mafuta, hutia doa, na si za kutegemea kwa mchwa. Cha kuzuia mchwa ni kukagua miguu ya rafu na kona za ukuta.

Nayasisitiza haya kwa sababu ya faida. Tuseme kitabu cha shilingi 10,000 umekipata kwa 7,500. Arubaini ni 300,000, usafiri 24,000. Vikiharibika viwili, unauza 38 na faida ni 56,000. Vikiharibika vinne, 36,000. Vikiharibika vinane, umepata hasara ya 4,000 na umefanya kazi bure. Ndiyo maana uchukue kidogo mara nyingi, na umwombe mchapishaji akubali kurudishiwa visivyouzwa.

La pili. Sikubaliani na wanaosema watu wetu hawasomi. Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, apate Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, vijana wana sababu ya kumtafuta, na riwaya yake moja imeshatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Kinachokosekana ni kitabu kukaa karibu na mkono. Nakala moja ya kila kitabu itoe kwenye nailoni, iwe ya kusomwa, na barazani mbele ya duka weka mkeka na kivuli. Mtu akishasoma kurasa kumi anajua kama anakitaka. Vya kukodisha viwe vya watoto na riwaya fupi, kwa amana sawa na bei ya kitabu. Abiria wa meli ya Mkoani wana saa nyingi za kungoja na za safarini: wape vijitabu vyepesi vya herufi kubwa, vinavyosomeka meli ikiyumba. Pesa zaidi huonekana msimu wa karafuu, na vya skuli viwe tayari Disemba, kabla ya Januari.

Kabla hujamwita seremala, nipigie unipe upana wa chumba, urefu wa ukuta ulio mbali na choo, na upande dirisha linakoelekea, tupange rafu pamoja. Msalimie mkeo na wanangu.

Mamaako