"Hamstrung" au "hamstringed"?

SWALI: Naandika ripoti za mradi wa maji kwa Kiingereza. Nilitaka kusema mradi umebanwa vibaya na uhaba wa fedha, nikaandika "hamstringed". Mwenzangu kafuta, kaweka "hamstrung". Mimi najua kitenzi kilichozaliwa na nomino huishia na "-ed". Nani yuko sahihi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni unayo, ila neno hili limeikataa. Andika "hamstrung".

"Hamstring" ni kano ya nyuma ya goti. Farasi akikatwa kano hiyo habaki na mbio tena, ingawa yu hai. Ndivyo walivyofanyiwa farasi wa vita katika Yoshua 11, na tafsiri nyingi za sasa za Kiingereza hutumia kitenzi hikihiki. Kwa kuwa kilitoka kwenye nomino, kilistahili "-ed". Wasemaji lakini walisikia "string" mwishoni, wakakigeuza kama "string" inavyogeuka "strung", na desturi ikashinda. Kwingine kanuni yako imesimama: katika besiboli ya Marekani, mpigaji ambaye mpira wake wa juu (nomino "fly") umedakwa husemwa "flied out", si "flew out".

Sasa matumizi. Taja kinachobana, ukitanguliza "by": "The project is hamstrung by lack of funds." Ukiacha sababu, msomaji anabaki kuuliza nini kimekata mguu. Usiongeze "severely", ukali umo ndani ya neno tayari. Na fedha zikichelewa wiki moja tu, "delayed" inatosha. "Hamstrung" iwekee hali ambayo pampu zipo, mafundi wapo, mabomba yamelala stoo, na hakuna kinachoweza kwenda.

SWALI: Mchezaji akiumia nyama za paja, niseme "he was hamstrung"?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, utaeleweka kwamba kuna jambo limemzuia kucheza apendavyo. Msuli ukivutika sema "he pulled a hamstring"; ukichanika, "he tore a hamstring". Hapo neno ni nomino, na linagusa misuli mitatu ya nyuma ya paja pamoja na kano zake.

Ukileta kwa Kiswahili ile sentensi ya mradi, ziache kano: "Mradi umekwama kwa kukosa fedha."